Mazingira ni mazuri, lakini kwa nani?

Yapo maneno mawili ambayo siku hizi hayaachani, mithili ya chanda na pete: mazingira na mazuri. Mwanafunzi akiulizwa ni kwa nini wenzake wa shule fulani hufaulu mtihani, hujibu kwamba wana mazingira mazuri. Mkulima akijaza ghala, huelezwa kwamba alipata mazingira mazuri. Mwekezaji akikaribishwa nchini, huahidiwa mazingira mazuri. Hata wezi wakivunja duka usiku wa manane, mtangazaji hatakosa kutuarifu kwamba giza liliwapa mazingira mazuri ya kutekeleza uovu wao. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wa shule za upili, na sidhani kama ipo jozi nyingine ya maneno niliyoipigia mstari kwa kalamu nyekundu mara nyingi kuliko hiyo.

Huenda msomaji akaniuliza: kosa liko wapi? Kisarufi halipo. Nomino ni ya ngeli ya YA-YA, na kivumishi kimepokea kiambishi chake sawasawa. Dosari ni ya maana. Jozi hii husifu pasipo kueleza. Hutuambia kwamba mambo yalikuwa mema, ila haitwambii ni mambo yapi, yalimfaa nani, wala yalimfaa kwa kazi gani. Dai langu ni kwamba hakuna hali iliyo nzuri hivi hivi tu. Kila hali inayosaidia humsaidia mtu fulani katika jambo fulani, na Kiswahili kimejaa maneno na miundo ya kulisema hilo bila kubabaisha. Anayeyapuuza hapotezi alama za mtihani peke yake. Kama nitakavyoonyesha, kuna mambo makubwa kuliko alama yanayoweza kupotea.

Tuanzie baharini, maana huko ndiko lugha hii ilikokulia. Upepo wa kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Ndio uliokuwa ukiyaleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Kusi nao huanza kuvuma mnamo Aprili ukaendelea hadi Septemba, na ndio uliokuwa ukiyarudisha makwao. Je, upepo mzuri ni upi kati ya hiyo miwili? Kwa nahodha wa Maskati aliyekwisha kuuza tende zake Mombasa na kupakia boriti, kusi ulikuwa upepo wa heri. Kwa mwenzake aliyetaka kutoka Lamu kuelekea Unguja siku hizo hizo, kusi ulikuwa kizuizi. Na kwa mvuvi mwenye ngalawa, kusi unapopamba moto mnamo Juni na Julai, bahari huchafuka na riziki ikawa haba. Upepo ni ule ule mmoja. Baharia hakutosheka kuuita mzuri au mbaya. Aliupa jina lake, kisha akatazama chombo chake kimeelekeza omo wapi. Wahenga wa pwani walituachia onyo hilo kwa maneno machache: usisafirie nyota ya mwenzio.

Bahari hiyo hiyo imetupa neno shwari, ambalo vijana wa leo hulitoa kama jibu la salamu. Shwari ni utulivu wa bahari pasipo upepo wala mawimbi. Kwa mvuvi anayetega nyavu karibu na miamba, shwari ni siku ya kushukuru. Lakini kwa mwenye jahazi la tanga, shwari ni mkosi: tanga hulegea, chombo husimama, na maji ya kunywa hupungua mtungini. Hapa pana funzo kwa mwandishi. Shwari, tulivu na amani ni maneno yanayotwambia kwamba hakuna usumbufu, na kukosekana kwa usumbufu si sawa na kuwapo kwa msaada. Darasa tulivu laweza kuwa darasa ambamo wanafunzi wote wanasinzia. Mwanafunzi akiandika kwamba shule yao ina mazingira tulivu, ametuambia kuwa hakuna kelele. Bado hajatuambia kama kuna vitabu.

Neno nafuu nalo lina mipaka yake. Mgonjwa aliyepata nafuu hajapona. Yu afadhali kuliko alivyokuwa jana. Bei nafuu ni ile iliyo chini ya nyingine tunayoijua. Kwa hivyo anayeandika kuwa hali ya barabara ni nafuu analinganisha, na ni wajibu wake kutuonyesha analinganisha na nini.

Sasa tutoke pwani twende bara, kwa wakulima, tupime uzito wa kivumishi -zuri. Kivumishi hiki husifu umbo, sura au ubora kwa jumla. Huweza kusimama peke yake bila kuegemea chochote: ua zuri, sauti nzuri, tabia nzuri. Kitenzi kufaa hakiko hivyo. Ukisema kitu kinafaa, msikilizaji papo hapo husubiri kujua kinamfaa nani na kwa shughuli gani. Chukua mfano wa udongo. Majani ya chai hustawi katika nyanda za juu za Kericho, Nandi na Limuru kwa kuwa huko kuna baridi ya wastani, mvua isiyokatika kwa muda mrefu, na udongo mwekundu wa volkeno wenye asidi usiotuamisha maji. Mkonge, kwa upande wake, umestahimili jua na ukame wa Taita-Taveta na Kilifi, mahali ambapo mchai ungenyauka kabla ya kuchipua. Nenda Mwea, katika Kaunti ya Kirinyaga, utakuta udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hukamata maji na kuyazuia yasipotee chini. Mpunga huupenda udongo huo, na ndio maana mashamba ya Mwea yanayonyweshwa kwa maji ya mito Thiba na Nyamindi yamewalisha Wakenya tangu miaka ya 1950. Lakini mwite mwashi aje ajenge nyumba juu ya udongo huo huo. Atakwambia kwamba huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na atauchimbua wote kabla ya kuweka msingi.

Udongo wa Mwea ni mzuri ama ni mbaya? Swali lenyewe halina jibu. Unafaa kwa mpunga, haufai kwa msingi wa nyumba. Mwanafunzi wa jiografia anayeandika 'udongo ufaao kwa mpunga' ameeleza jambo linaloweza kupimwa. Anayeandika 'udongo mzuri' ametoa sifa tu, na sifa haina uhakika: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tena Kiswahili kimeturahisishia kazi kwa kirejeshi: udongo ufaao, mbegu zifaazo, mahali pafaapo, mazingira yafaayo. Muundo huo ni mfupi, ni mtamu masikioni, nao hutualika kuendelea: yafaayo kwa nini?

Neno la pili linalostahili kuangaliwa ni mwafaka, ambalo wengine huliandika muafaka. Limetokana na Kiarabu, nalo ni la ukoo mmoja na kuafiki, kuafikiana na maafikiano. Ndiyo sababu nchini Tanzania mapatano ya vyama vya CCM na CUF kuhusu Zanzibar, ya mwaka 1999 na ya 2001, yaliitwa Muafaka. Maana yake ya ndani ni kupatana kwa vitu viwili. Kwa hiyo jambo mwafaka ni lile lililopatana na jingine: wakati umepatana na kazi, dawa imepatana na ugonjwa, adhabu imepatana na kosa. Ikumbukwe pia kwamba kivumishi hiki hakipokei viambishi vya ngeli. Twasema wakati mwafaka, mahali mwafaka, mbinu mwafaka, mazingira mwafaka.

Mvua ndiyo mwalimu bora wa neno hili. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, wafugaji wa kaskazini na mashariki mwa Kenya walishuhudia misimu mitano mfululizo ambayo mvua haikunyesha ipasavyo. Mifugo ilikufa kwa wingi. Katika kipindi hicho, tone lolote lilikuwa neema. Kisha, mnamo Aprili na Mei 2024, mvua ilinyesha bila kipimo. Mafuriko yaliwafukuza watu majumbani mwao, na shule zilizotarajiwa kufunguliwa kwa muhula wa pili tarehe 29 Aprili hazikufunguliwa hadi Mei 13. Mvua hiyo ilikuwa nyingi, tena maridhawa, lakini haikuwa mwafaka. Mwandishi anayejua tofauti ya maneno hayo haandiki 'mvua nzuri' na kuiacha hapo. Nyingi ni kiasi. Maridhawa ni kiasi kinachotosha na kusaza. Mwafaka ni ile iliyokuja kwa kipimo na kwa wakati uliopatana na mbegu iliyo ardhini.

Kuna wakati ambapo hatuhitaji kivumishi chochote. Kiswahili kina kauli ya kutendea, ambayo kazi yake moja ni kuonyesha kusudi la kitu. Methali yetu husema kwamba mvua ya kwanza ndiyo ya kupandia. Tazama ilivyotimia. Haikusema mvua nzuri, wala mvua mwafaka, wala mvua wezeshi. Imesema ya kupandia, na papo hapo twajua nani anahusika na anapaswa kufanya nini kabla jua halijarudi. Hali kadhalika twaweza kusema upepo wa kusafiria, taa ya kusomea, maji ya kunywea dawa, mahali pa kuchezea watoto. Mwalimu mwenzangu, jaribu zoezi hili darasani: wape wanafunzi sentensi kumi zenye kivumishi -zuri, na uwatake wakiondoe watumie kauli ya kutendea. Utashangaa jinsi fikra zao zitakavyochongeka pamoja na lugha yao.

Nimegusia awali habari ya wezi na giza lao. Hapo pana dosari ya aina nyingine, yaani kutumia maneno ya heri kwa mambo ya shari. Lugha ina maneno kadhaa ya kuonyesha upenyo wa kutenda jambo, ila hayabadilishani viti ovyo. Fursa ni bahati ya kutenda jambo la manufaa. Aliyeipata huhimizwa asiichezee. Wasaa ni muda wenye faraghani na utulivu. Nafasi haina upande. Ni ya mwema na ya mwovu. Mwanya, ambao kwa asili ni uwazi ulio katikati ya meno ya mbele, umekuja kumaanisha pia ufa ambao kitu kisichotakiwa huweza kupenya. Basi tuseme kwamba kukosekana kwa walinzi kuliwapa wezi mwanya. Tukisema kuliwapa fursa au mazingira mazuri, tumewapongeza bila kujua.

Ndivyo ilivyo pia kwa kitenzi kuchangia. Tunasoma kila uchao kwamba mwendo wa kasi ulichangia ajali, au kwamba uchafu umechangia kipindupindu. Kuchanga ni kutoa kwa pamoja ili kumfaa mwenzetu, kama tufanyavyo katika harambee. Sitamani kuwa askari wa maneno, na najua matumizi haya yameenea kiasi cha kutorudi nyuma. Hata hivyo, mwanafunzi na ajue kwamba anayo maneno yenye makali zaidi. Kusababisha ni kuwa chanzo. Kuchochea ni kusukuma kuni motoni, yaani moto ulikuwapo tayari na sasa umeongezewa nguvu. Kurahisisha ni kuondoa kizuizi. Kuzidisha ni kuongeza kilichopo. Uchafu husababisha kipindupindu au hukieneza? Anayechagua neno hapa analazimika kwanza kuuelewa ugonjwa, na hiyo ndiyo faida kubwa ya kuchagua.

Nimesema kuna mambo makubwa kuliko alama. Nitataja moja. Katika barua ambazo shule huwaandikia wazazi, neno salama hupenda kufuatana na lile la mazuri: watoto wenu wako katika mazingira mazuri na salama. Salama dhidi ya nini? Dirisha la bweni lenye vyuma ni salama kwa anayeogopa mwizi au mwanafunzi mtoro. Kwa aliye ndani moto ukiwaka, dirisha hilo ni kaburi. Hili si la kubuni. Mnamo Machi 2001, wanafunzi 67 waliangamia kwa moto katika bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, wilayani Machakos. Madirisha yalikuwa na vyuma, na mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa. Baadaye, mwaka 2008, Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni ambao hauishii kwenye sifa. Unasema milango ya bweni ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na vyuma. Hayo ni maneno ambayo mzazi anaweza kuyashika mkononi, akaingia bwenini, akausukuma mlango na kuona unafungukia wapi. Mazingira mazuri na salama hayasukumiki wala hayafungui chochote. Mnamo Septemba 2024 tuliwazika tena wavulana 21 wa Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, waliofariki kwa moto wa bweni. Sidai kwamba kivumishi ndicho kilichowaua watoto hao. Nasema tu kwamba mahali ambapo watu wameridhika na neno lisilopimika, hakuna anayekwenda kupima.

Siku hizi limezuka neno jingine, nalo ni wezeshi. Viongozi wetu, wa Kenya na wa Tanzania, hutuahidi mazingira wezeshi ya biashara, mazingira wezeshi ya vijana, mazingira wezeshi ya vyombo vya habari. Neno hilo halina ubaya wa kuzaliwa. Limeundwa kutokana na kuwezesha, kama vile endelevu ilivyoundwa kutokana na kuendelea, na lugha inayokua haina budi kuzaa. Tatizo ni lile linalopotea wakati wa kuzaa. Kitenzi kuwezesha hudai shamirisho. Huwezi kusema 'serikali imewezesha' ukanyamaza, kwani msikilizaji atauliza: imemwezesha nani kufanya nini? Kitenzi kinapogeuzwa kuwa kivumishi, deni hilo hufutwa kimya kimya. 'Mazingira wezeshi' hayamtaji anayewezeshwa wala analowezeshwa. Ndiyo maana yanapendeza mno jukwaani. Mwananchi anayetaka kujua ameahidiwa nini na akirudishe kivumishi kuwa kitenzi. Je, mama anayeuza mboga sokoni atapata leseni kwa siku ngapi? Atawezeshwa kwa mkopo wa riba gani? Majibu yakikosekana, ajue kwamba ahadi ilikuwa ya sauti tu.

Kwa muhtasari, natoa ushauri huu kwa wanafunzi. Kila kalamu yako inapotaka kuandika 'mazingira mazuri', isimamishe kidogo ujiulize maswali matatu. Ni kitu gani hasa kilichosaidia? Kilimsaidia nani? Kilimsaidia kufanya nini? Ukishajibu, neno litakuja lenyewe. Kama hakukuwa na fujo, andika tulivu. Kama hakukuwa na hatari, andika salama na uitaje hatari yenyewe. Kama hali ililingana na kazi, andika yafaayo. Kama ilipatana na wakati na kipimo, andika mwafaka. Kama ilikuwa afadhali kuliko jana, andika nafuu. Kama ulikuwa ufa wa kupitishia maovu, andika mwanya. Na mara nyingi utagundua kwamba ukishataja kile kitu chenyewe, kama vile taa, kitabu, mwalimu asiyekosa darasani au chakula cha mchana, hata neno mazingira halihitajiki tena.

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Kulipiga mstari kosa hili bila kuandika swali pembeni hakumsaidii mwanafunzi. Atadhani neno limepigwa marufuku, naye ataliacha na kukimbilia 'mazingira bora' au 'mazingira wezeshi', ambayo ni jani la mti ule ule. Andika pembeni mwa mstari wako maneno mawili tu: kwa nani? Mwanafunzi akirudi na jibu, mpe alama yake. Akirudi na swali jingine, mpe mbili.